Mgomo wa Reli: Kwa Nini Huruma ya Wananchi na Sheria Haziendi Njia Moja

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kwa mkazi wa Kikuyu jijini Dodoma, reli si habari ya mbali. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani iliufikia mji huu mwaka 1910, na tangu tarehe 25 Julai, 2024, treni ya umeme ya Reli ya Kisasa (SGR) ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, wapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, watumishi waliohamia Makao Makuu ya Nchi na wafanyabiashara wa Soko la Majengo wanaopanga safari zao kwa kutazama kwanza ratiba ya treni. Ndiyo maana neno “mgomo” likitajwa pamoja na neno “reli”, mazungumzo hugawanyika upesi. Mmoja husema mfanyakazi ana haki ya kudai maslahi yake. Mwingine, mwenye tiketi mfukoni na mgonjwa wa kumpeleka Muhimbili, husema haki hiyo isidaiwe mgongoni mwake.

Mgawanyiko huo hautokani na ukaidi wa upande wowote. Chanzo chake kikubwa ni kwamba jina moja, “mgomo wa mshahara”, limebebeshwa mambo mawili tofauti. La kwanza ni pale wafanyakazi wanapolipwa kila mwezi kama mkataba unavyosema, lakini wanaona kiwango hicho hakikidhi mahitaji na wanataka kiongezwe. La pili ni pale kazi ilipokwisha kufanyika, mwezi umekatika, pengine miezi kadhaa, na fedha haijaonekana. Mitaani yote mawili huelezwa kwa maneno yaleyale: “wanadai mshahara.” Katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, yanatengana tangu mzizini.

Kifungu cha 75 cha sheria hiyo kinatamka kwamba kila mfanyakazi ana haki ya kugoma, lakini kinaifunga haki hiyo kwenye mgogoro wa kimaslahi. Nyongeza ya mshahara ambayo haimo katika mkataba, haimo katika makubaliano ya pamoja, wala haimo katika sheria, ni mgogoro wa aina hiyo. Hakuna kitabu ambacho jaji anaweza kukifungua ili aone dereva wa treni anastahili kuongezwa shilingi ngapi mwaka ujao. Jambo hilo huamuliwa kwa mapatano, na mapatano yakishindikana, sheria inamruhusu mfanyakazi kuzuia nguvu kazi yake. Mshahara wa mwezi uliokwisha kufanyiwa kazi ni habari nyingine. Huo ni deni. Kiwango chake kinajulikana, tarehe yake inajulikana, na anayedaiwa anajulikana. Sheria inauita mgogoro huo malalamiko, na malalamiko hayana mgomo: hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) na, inapobidi, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi.

Ugumu wa suala lote uko hapa. Mwananchi wa kawaida humhurumia zaidi mtu aliyefanya kazi asilipwe kuliko mtu anayetaka kuongezwa. Akisikia kwamba mafundi wa njia na wafanyakazi wa stesheni hawajapata mshahara wa miezi miwili, hahitaji maelezo marefu. Anajua duka la mtaani halikopeshi bila mwisho na ada ya shule haisubiri. Katiba nayo, katika Ibara ya 23, inatamka haki ya mtu kupata ujira unaolingana na kazi yake. Akisikia wanataka nyongeza, huanza kulinganisha: wao wanapata kiasi gani, na mimi ninayeuza mboga napata kiasi gani? Kwa hiyo mgomo unaoungwa mkono kwa moyo mkubwa zaidi ndio ambao sheria haikuuwekea mlango, na ule ambao sheria imeuwekea mlango ndio unaotiliwa shaka zaidi na abiria.

Sababu ya sheria kupanga hivyo si kumpuuza asiyelipwa. Mantiki yake ni kwamba anayedai deni ana njia ya kulipata kwa amri yenye nguvu ya mahakama, wakati anayetaka nyongeza hana amri ya kuomba. Mantiki hiyo inaeleweka. Lakini inasimama imara pale tu ambapo njia ya kudai deni ni ya haraka. Mfanyakazi anayeambiwa asubiri hukumu huku mwenye nyumba hasubiri kodi, anaona mantiki hiyo kwa jicho tofauti na la mwanasheria, na haishangazi kwamba jirani zake humwelewa.

Njia ya kufikia mgomo halali wa nyongeza ya mshahara nayo si fupi. Kwanza mgogoro hupelekwa CMA kwa ajili ya usuluhishi, ambao hupewa siku 30, na pande zote mbili zinaweza kukubaliana kwa maandishi kuziongeza. Usuluhishi ukishindikana, chama cha wafanyakazi hupiga kura kwa mujibu wa katiba yake, na lazima wengi wa waliopiga kura waunge mkono mgomo. Baada ya hapo mwajiri hupewa notisi ya saa 48. Ni hatua ambazo mwajiri na chama huzijua vizuri. Abiria huiona ile ya mwisho tu, na mara nyingi huiona akiwa tayari stesheni na mabegi. Ndiyo maana watu wengi huamini kwamba mgomo umezuka ghafla, hata pale ambapo mazungumzo yamekuwa yakiendelea kwa wiki nyingi. Taarifa ya mapema kwa umma, kutoka kwa mwajiri na kwa chama pia, ingeondoa sehemu kubwa ya hasira ambayo leo huelekezwa kwa mtu wa kwanza anayevaa sare ya reli.

Mahakama huzitazama hatua hizo kwa makini. Agosti 2012 Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi iliusitisha mgomo wa walimu nchini kwa kuwa taratibu za kisheria hazikukamilika. Hoja ya walimu kuhusu maslahi haikuwa ndiyo iliyopimwa siku ile. Kilichopimwa ni namna mgomo ulivyoitishwa. Wananchi wengi huchanganya mambo haya mawili na kudhani kwamba mgomo ukiitwa batili, basi madai yenyewe ni ya uongo. Sivyo. Madai yanaweza kuwa ya kweli na mgomo ukawa batili, na kinyume chake pia kinawezekana.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni iwapo wafanyakazi wa reli wamo katika orodha ya huduma muhimu ambazo wahudumu wake hawaruhusiwi kugoma. Kifungu cha 77 kinazitaja huduma hizo: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya pamoja na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege na mawasiliano ya usafiri wa anga, na usafiri wowote unaohitajika ili huduma hizo zitolewe. Treni ya abiria haikutajwa kwa jina. Ipo Kamati ya Huduma Muhimu yenye mamlaka ya kuongeza huduma nyingine, iwapo kusimama kwake kunahatarisha maisha au afya ya watu, na sheria inaruhusu pia mwajiri na chama kukubaliana mapema kuhusu huduma ya kiwango cha chini itakayoendelea wakati wa mgomo. Usumbufu, hata ukiwa mkubwa, si kipimo cha sheria katika suala hili. Kipimo ni uhai na afya.

Anayegoma kwa kufuata sheria halindwi dhidi ya kila hasara. Mwajiri halazimiki kumlipa kwa siku ambazo hakufanya kazi. Anacholindiwa ni ajira yake: mgomo halali hauhesabiwi kuwa ni kuvunja mkataba. Mgomo usio halali unaweza kuzuiwa na mahakama, ikaamriwa fidia ilipwe, na mwajiri anaweza kuchukua hatua za kinidhamu kwa kufuata utaratibu. Wapo wanaodhani kwamba “mgomo baridi”, yaani kufika kazini na kukunja mikono, uko nje ya sheria hizi. Tafsiri ya mgomo katika sheria inagusa kusimamisha kazi kwa ukamilifu au kwa sehemu, hivyo baridi au moto, ni mgomo.

Misimamo ya wananchi kuhusu migomo ya reli haikuanza na Sheria ya 2004. Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma wakidai ujira bora, mgomo ukawafikia wafanyakazi wa reli na kupanda nao kuelekea bara. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha Dar es Salaam walipogoma, TANU na Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika (TFL) waliwaomba wananchi wasusie bia ya chupa, nao wakaitika. Hiyo ilikuwa kura ya maoni bila karatasi. Kisha mapema mwaka 1960, wanachama wa Chama cha Wafanyakazi Waafrika wa Reli Tanganyika (TRAU), ambacho Katibu Mkuu wake alikuwa Christopher Kasanga Tumbo, waligoma kwa siku 82. Mwajiri wao alikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, chombo cha utawala wa kikoloni, na madai ya mshahara yalikwenda pamoja na madai ya Waafrika kupewa nafasi walizonyimwa. Katika mazingira hayo, aliyegoma alionekana kuwa mpigania uhuru mwenye spana mkononi. Treni kutofika lilikuwa jambo la kuvumilia.

Baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba, 1961, swali liligeuka. Mwajiri sasa alikuwa Serikali ya wananchi wenyewe, na kilichoongezwa kwa mfanyakazi wa mjini kilitoka katika mfuko uleule uliosubiriwa na mkulima wa kijijini ambaye hana mshahara kabisa. Mwaka 1962, Rashidi Kawawa, aliyekuwa kiongozi wa TFL kabla ya kuwa Waziri Mkuu, aliongoza Serikali iliyopitisha sheria ya kusuluhisha migogoro ya kazi iliyoubana mgomo kwa kuweka hatua za lazima za usuluhishi. Tumbo aliipinga njia hiyo na kuingia katika upinzani. Mwaka 1964 vyama vyote viliunganishwa kuwa kimoja, NUTA. Watu wawili waliotoka katika vyama vya wafanyakazi, wote wazalendo, walisimama pande mbili za hoja moja, na hoja hiyo bado inasikika kila panapotajwa mgomo katika shirika la umma: je, fedha inayodaiwa ni ya mwajiri au ni yetu sote?

Jibu lilikuwa tofauti kidogo Oktoba 2007, Kampuni ya Reli Tanzania (TRL) ilipoanza kuendesha Reli ya Kati, kampuni ya RITES ya India ikiwa na asilimia 51 ya hisa na Serikali asilimia 49. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi waligoma mara kadhaa kuhusu mishahara na maslahi, na Serikali ililazimika kuingia kati hadi mwaka 2011 ilipoirejesha kampuni mikononi mwake. Kipindi hicho kinafundisha jambo moja kuhusu maoni ya watu ambalo takwimu za mishahara haziwezi kulionesha. Mkazi wa Dodoma alikuwa na barabara ya lami hadi Dar es Salaam. Treni ikisimama, alipanda basi na kununa. Mkazi wa Kigoma, au wa vijiji vya Tabora vilivyoota kando ya reli, hakuwa na lami ya kumfikisha. Kwake treni ilikuwa ndiyo barabara, ndiyo soko na ndiyo gari la wagonjwa. Mgomo uleule, kwa sababu zilezile, ulikuwa kero kwa mmoja na kifungo kwa mwingine. Anayesema “wananchi wanaunga mkono” au “wananchi wanapinga” bila kutaja ni wananchi wa stesheni ipi, hajasema kitu.

Kwa upande wa TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi inayomilikiwa kwa nusu sawa na Tanzania na Zambia, migomo ya katikati ya miaka ya 2010 ilihusu zaidi malimbikizo ya mishahara. Hilo ndilo deni lililoelezwa mwanzoni. Mzigo ulipungua, mapato yakapungua, mishahara ikachelewa, wafanyakazi wakasimamisha kazi, na kusimama huko kukapunguza mzigo zaidi. Ni mzunguko ambao hakuna aliyeufaidi, na ambao haukuweza kuvunjwa na notisi ya saa 48 wala na amri ya kuwarudisha watu kazini. Ulihitaji fedha na mzigo.

Lipo pia suala la usalama, ambalo Dodoma ina sababu ya pekee ya kulikumbuka. Tarehe 24 Juni, 2002, treni ya abiria iliyoshindwa kupanda mlima ilirudi nyuma na kugongana na treni ya mizigo eneo la Igandu, mkoani hapa, na watu 281 walipoteza maisha. Ajali ile haikuhusu mgomo wala mshahara. Lakini inaeleza kwa nini wakazi wa ukanda huu hawapokei kirahisi wazo la kwamba, wafanyakazi wakigoma, waletwe watu wengine wowote waendeshe treni. Sheria inakataza kutumia wafanyakazi mbadala katika mgomo halali. Inakataza pia wanaogoma kumfungia mwajiri ndani au kumzuia asiingie katika eneo lake la kazi, na hairuhusu kuweka vizuizi vya watu malangoni. Makatazo haya hutajwa nusu nusu kutegemea anayeyataja yuko upande gani.

Nchi nyingine zina uzoefu wake. Mwishoni mwa mwaka 1995, wafanyakazi wa reli wa Ufaransa waligoma kwa takribani wiki tatu kupinga mabadiliko ya pensheni yaliyopendekezwa na Waziri Mkuu Alain Juppé. Watu walitembea kwa miguu kwenda kazini katika baridi, na bado kura za maoni zilionesha kwamba wengi waliwaunga mkono. Wafaransa walieleza kwamba wanareli walikuwa wakigoma kwa niaba ya wale wa sekta binafsi wasioweza kugoma. Mpango wa pensheni uliondolewa. Uingereza ilipokumbwa na mgomo wa reli wa Juni 2022, mkubwa kuliko yote ndani ya miaka 30, maoni yaligawanyika zaidi, na mwaka 2023 Bunge lake lilipitisha sheria ya huduma za kiwango cha chini wakati wa migomo. Tanzania iliweka mlango wa makubaliano ya namna hiyo tangu 2004, ingawa kwa hiari ya pande mbili badala ya amri.

Hali ya sasa ya Dodoma inaliongezea suala hili uzito. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 iliunganisha TRL na RAHCO na kulirejesha Shirika la Reli Tanzania (TRC), na shirika hilo sasa linaendesha reli mbili sambamba, ile ya zamani na ile ya umeme. Treni ya umeme haihitaji watu wengi kuiendesha, lakini inahitaji watu wenye ujuzi ambao hawapatikani kila kona: wa mifumo ya umeme, wa ishara, wa mawasiliano. Kadiri abiria wanavyoizoea safari ya saa chache badala ya kutwa nzima barabarani, ndivyo thamani ya kazi ya watu hao inavyopanda, na ndivyo ustahimilivu wa abiria unavyopungua siku treni isipoondoka. Mazungumzo ya maslahi yanayofanyika mapema, wakati treni zinatembea, ni nafuu kwa kila upande kuliko yanayoanza stesheni ikiwa imejaa.

Abiria hana kiti katika meza ya majadiliano kati ya mwajiri na chama. Ana kiti kwingine. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), yenye makao makuu hapa Dodoma, inasimamia pia usafiri wa reli, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini (LATRA CCC) liliundwa kusemea maslahi ya abiria. Aliyepata hasara kwa safari iliyoahirishwa anashauriwa kutunza tiketi yake, kuwasilisha madai kwanza kwa mtoa huduma, na asiporidhika apeleke malalamiko kwa vyombo hivyo.

Kwa mfanyakazi wa reli, kama ilivyo kwa mfanyakazi mwingine yeyote ambaye hajalipwa stahiki zake, mgogoro unapaswa kufikishwa CMA ndani ya siku 60 tangu ulipojitokeza. Kwa aliyeachishwa kazi, muda huo ni siku 30. Anayechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa kwake. Huduma za Tume hutolewa bila malipo, na ofisi yake ipo pia mkoani Dodoma.